Hemphill: Mji Uliowatafuta Wasio Wake



Katika toleo hili tunatimiza ahadi tuliyoitoa mwezi uliopita ya kuwaeleza khabari za safari yetu ya Hemphill, mji mdogo ulioko mashariki kabisa ya jimbo la Texas, karibu na mpaka wa Louisiana. Wengi walituuliza: mnafuata nini huko? Hakuna pwani, hakuna soko, hakuna jamaa. Jawabu ni kwamba tulifuata swali la bibi mmoja.

Mwaka jana tuliwapeleka watoto wa madrasa kutembelea kituo cha anga cha Johnson hapa Houston. Gari la wageni lilipita kwenye bustani ya mialoni iliyopandwa kwa ajili ya kuwakumbuka wanaanga waliofariki. Tukawaeleza watoto kwamba miongoni mwa wanaokumbukwa pale wamo saba walioangamia pamoja na chombo Columbia tarehe 1 Februari 2003. Watoto wakauliza maswali ya watoto: chombo kilikwenda mbio kiasi gani, kiliwaka moto vipi, na je, waliona kinachowajia? Bibi yetu, aliyekaa kiti cha nyuma na mtandio wake, hakuuliza khabari za chombo. Aliuliza neno moja tu:

"Walipatikana?"

Tukamwambia kwamba walipatikana wote saba. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza tena: "Na waliowatafuta ni nani?"

Hatukuwa na jawabu la kumpa. Tumekaa Texas miaka mingi, tumezaa na kuzika katika ardhi hii, lakini hatukuwajua watu hao. Bibi akasema angependa kuwaona kabla hajafa. Ana sababu yake ya kuuliza hivyo, nayo tutaieleza mahali pake.

Tuliondoka Houston Jumamosi ya mwisho ya Januari, baada ya swala ya Alfajiri, tukiwa watu ishirini na wawili katika magari matatu. Akina mama walikuwa wametayarisha mahamri na mbaazi tangu usiku, na chai ya maziwa katika chupa. Tukashika njia kuu nambari 59 kuelekea kaskazini. Houston haimwachii msafiri upesi. Maduka na viwanja vya magari humfuata kwa muda mrefu. Lakini baada ya kuupita mji wa Livingston misonobari huanza kusogelea barabara, ikazidi kuwa mirefu na kusongana, hata msafiri haoni ila ukanda wa mbingu baina ya kuta mbili za kijani. Watoto, ambao Texas ya kwenye filamu ni jangwa na ng'ombe, walistaajabu. Mzee mmoja, aliyewahi kufanya kazi bara katika ujana wake, alisema pamemkumbusha misitu ya Sao Hill kule Mufindi, ila hapa chini ya miti pamejaa vichaka vya miiba visivyopitika.

Maneno hayo ya miiba tuliyakumbuka baadaye.

Lufkin ni kiasi cha maili 120 kutoka Houston. Tulisimama hapo tunywe chai, na kwa kuwa mji huo ndio uliokuwa makao makuu ya utafutaji mwaka 2003, tukaona ni mahali pafaapo kuwasimulia watoto kisa chenyewe tangu mwanzo.

Columbia kilikuwa chombo cha kwanza cha aina yake kufika anga za juu, mwezi wa Aprili 1981. Kilikuwa kikipaa kwa roketi na kurudi kwa mbawa mfano wa ndege. Tarehe 16 Januari 2003 kiliondoka Florida kwa safari yake ya 28, kikiwa na watu saba na majaribio mengi ya kisayansi. Zilipopita kiasi cha sekunde 82 tangu kuruka, kipande cha povu gumu kilibanduka kutoka kwenye tangi kubwa la nje kikaupiga ubawa wa kushoto. Kipande hicho hakikufika uzito wa kilo moja. Ni kitu chepesi, mfano wa sifongo iliyokauka, lakini kwa mwendo ule kilitosha kutoboa ukingo wa ubawa. Waliokuwa ndani hawakuhisi lolote. Kwa muda wa siku 16 waliizunguka dunia, wakifanya kazi zao kwa zamu usiku na mchana.

Huku chini walikuwako mainjinia walioona pigo hilo katika picha za filamu wakaingiwa na wasiwasi. Waliomba ubawa upigwe picha kutoka angani ili ijulikane kama umeharibika. Wakuu wa kazi hawakuliendeleza ombi hilo. Tume iliyochunguza msiba ilitoa ripoti yake Agosti 2003, na haikulilaumu povu peke yake. Ililaumu pia mazoea ya taasisi, ambayo ilikuwa imekwisha kuuzoea mwanya wa hatari kwa sababu haukuwa umeleta madhara katika safari zilizotangulia.

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 1 Februari chombo kikaanza kurudi. Hewa yenye moto wa kuyeyusha madini ikapenya katika tundu, ikaula ubawa kwa ndani. Ilipokaribia saa mbili asubuhi kwa saa za Texas, Columbia ikiwa juu kiasi cha maili 38 na mwendo wa maili 12,500 kwa saa, ikavunjika vipande vipande. Zilikuwa zimebaki dakika 16 tu kitue. Wake, waume na watoto wa wanaanga walikuwa wamesimama kando ya uwanja kule Florida, wakitazama mbinguni.

Bibi alikuwa akisikiliza huku mjukuu wake akimjazia kikombe. Akasema: "Kwa hiyo waliokuwa chini walisema, na waliokuwa juu hawakusikiliza?"

Tukamjibu kwamba ndivyo ripoti inavyoeleza.

"Basi kisa ni kimoja," akasema, na hakuongeza neno.

Kutoka Lufkin tulielekea mashariki. Katika mwendo huo tulizungumza jambo ambalo lazima tuliandike hapa, ingawa si la kujivunia. Wengine wetu tulikuwapo Marekani mwaka huo wa 2003, na tunakumbuka yaliyosemwa katika vyumba vyetu vya kupokelea wageni. Mwezi mmoja na nusu baadaye ndipo vita vya Iraq vilipoanza, na khabari zake zilikuwa zimekwisha kutanda. Ndugu zetu walikuwa wakiitwa na kuhojiwa. Nyoyo zilikuwa nzito. Na miongoni mwa wale saba alikuwamo Ilan Ramon, rubani wa jeshi la anga la Israel, ambaye mwaka 1981 alikuwa mmoja wa marubani walioushambulia mtambo wa nyuklia karibu na Baghdad. Tena mabaki ya chombo yalipita juu ya mji mdogo wa Texas uitwao Palestine. Basi wapo waliosema: hii ni ishara, hii ni adhabu. Wapo waliocheka. Na tuliobaki, ambao hatukusema wala hatukucheka, tulinyamaza, tukaendelea kunywa kahawa.

Zilikuwa siku gani hizo? Zilikuwa siku za mwisho za Mfunguo Pili. Mahujaji walikuwa wakikusanyika Makka, na siku kumi bora za Mfunguo Tatu zilikuwa zinaingia. Sisi tulikuwa tunahesabu siku za Arafa na Idi ya Kuchinja. Na katika siku hizo hizo, watu wa Hemphill walikuwa msituni, katika mvua na baridi, wakitafuta maiti wasiowajua.

Hemphill ni makao makuu ya wilaya ya Sabine, na wakaazi wake ni kiasi cha elfu moja na kidogo. Una jengo la mahakama katikati, maduka machache kulizunguka, makanisa mengi kuliko maduka, na njia ambazo mtu anaweza kuzivuka bila ya kutazama kushoto wala kulia. Makumbusho ya Columbia, yaliyofunguliwa mwaka 2011, yako pamoja na maktaba ya mji. Mama mmoja wa makamo alitupokea mlangoni. Alipoona watoto wengi, mitandio na kofia za viua, hakuuliza tumetoka wapi. Aliuliza kama tumekula. Hapo Bibi akatutazama kwa jicho la kusema: nimekwisha kuwajua watu hawa.

Ndani, kila mmoja wa wale saba ana mahali pake, pamoja na vitu vilivyotolewa na jamaa zao. Rick Husband, kiongozi wa safari, alikuwa mtoto wa Texas yenyewe, wa mji wa Amarillo. William McCool alikuwa rubani wake. Michael Anderson alikuwa Mmarekani mweusi, mtoto wa mtumishi wa jeshi la anga, naye ndiye aliyesimamia majaribio ya kisayansi. David Brown na Laurel Clark walikuwa madaktari wa jeshi la wanamaji. Laurel Clark aliacha mtoto wa kiume wa miaka minane. Kalpana Chawla alizaliwa Karnal, India, akaja Texas kusoma uinjinia katika chuo kikuu cha Arlington, akawa raia wa nchi hii, kisha mwanamke wa kwanza mzaliwa wa India kufika anga za juu. Binti zetu walisimama sana mbele ya picha yake. Yeye alikuwa mgeni wa nchi hii kama wazee wao, mwenye mama na baba ng'ambo ya bahari wanaongoja simu.

Na wa saba ni Ilan Ramon. Mama yake alinusurika na kambi ya mauti ya Auschwitz. Mwanawe alichukua pamoja naye angani nakala ya mchoro wa mwezi uliochorwa na mtoto wa Kiyahudi, Petr Ginz, aliyeuawa katika kambi hiyo hiyo. Kiasi cha miezi miwili baada ya msiba, kurasa kadhaa za shajara yake zilipatikana Texas, zimelowa mvua na kuchakaa, zikapelekwa Jerusalem kutengenezwa. Karatasi ziliushinda moto ulioyeyusha madini! Walipatikana pia, ndani ya mabaki, minyoo midogo ya majaribio wakiwa hai. Mwenyezi Mungu humhifadhi amtakaye na huchukua amtakaye, na hesabu yake si yetu.

Mama yule akatueleza khabari za utafutaji. Asubuhi ile nyumba zilitikisika na vioo vikalia kwa muda mrefu. Wengine walidhani ni bomba la gesi lililopasuka, wengine treni iliyoanguka. Kisha vitu vikaanza kudondoka: kwenye malisho, kwenye mapaa, barabarani, ziwani. Kwa rehema ya Mungu hakuna mtu aliyeumia chini. Kabla ya jua kuchwa ikafahamika kwamba wilaya yao ndiyo iliyoangukiwa na wanaanga wenyewe.

Walioingia msituni kwanza ni wazima moto wa kujitolea, wakata miti, wawindaji wa kulungu na walimu wa skuli, watu waliojua kila kijito na kila kichaka. Baadaye wakaja wengine kutoka pande zote za nchi: askari, wanafunzi, vikosi vya wazima moto wa misituni, wakiwamo Wahindi Wekundu waliosafiri kutoka majimbo ya magharibi. Mwisho wa kazi waliohesabiwa walikuwa kiasi cha watu 25,000, na walikuwa wamekanyaga kwa miguu zaidi ya ekari 600,000. Walijipanga safu moja, mtu na mwenziwe hatua chache, wakaenda mbele pole pole huku wakitazama chini. Safu haikuruhusiwa kuzunguka kichaka. Aliyekutana na miiba aliingia ndani ya miiba. Walitoka jioni nguo zimechanika na mikono inatoka damu, na asubuhi walirejea.

Katika ukumbi wa askari wa zamani wa mji, wanawake walipika. Hawakuagizwa na serikali. Walileta kuku, maharage, mikate na mapai kutoka majumbani mwao, wakawalisha watafutaji siku baada ya siku, kwa wiki nyingi, na hawakutaka malipo. Akina mama wetu waliposikia hayo walitikisa vichwa. Nani kati yetu asiyeijua kazi ya masufuria ya matangani?

Lakini lililotugusa kuliko yote ni adabu waliyoiweka kwa maiti. Kila alipopatikana mmoja, mahali pale palilindwa, wala hakuachwa peke yake msituni. Mwanaanga mwenzake aliitwa aje. Mchungaji wa mji, ambaye pia alikuwa mzima moto, akasoma sala fupi. Kofia zikavuliwa. Kisha maiti akafunikwa, akachukuliwa na gari la mazishi la mji ule ule, na watu wakasimama kando mpaka lipite. Hawakupiga picha na hawakusimulia. Hata leo mama yule, katika kutueleza yote hayo, hakutuambia nani alipatikana wapi wala katika hali gani. Hilo, alisema, ni la jamaa zao. Kabla ya wiki mbili kutimia walikuwa wamepatikana wote saba.

Baada ya hapo kazi iliendelea mpaka majira ya mchipuko, kutafuta vipande vya chombo. Viliokotwa zaidi ya 80,000, kiasi cha asilimia 38 ya uzito wa Columbia, na ndivyo vilivyosaidia kuthibitisha kwamba msiba ulianzia ubawa wa kushoto. Kazi hiyo nayo iligharimu roho. Tarehe 27 Machi 2003 helikopta ya watafutaji ilianguka msituni na watu wawili wakafariki. Hemphill inawakumbuka pamoja na wale saba, na kila inapofika tarehe 1 Februari mji hukusanyika kwa ajili yao.

Basi tulipokuwa mbele ya picha ya wa saba, ndugu yetu mmoja alimnong'oneza mwenziwe yale maneno ya mwaka 2003. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anakumbusha tu. Bibi akasikia. Yeye miguu yake haimchukui, na muda wote tulikuwa tumemweka kwenye kiti. Akamwita mjukuu wake, akashika mkono wake na fimbo yake, akasimama. Akabaki amesimama mbele ya zile picha saba, hasemi kitu.

Tukajua anachokifanya. Nani asiyeisoma hadithi ile madrasa? Jeneza lilipita mbele ya Mtume (S.A.W.) naye akasimama. Wakamwambia kwamba ni la Myahudi. Akawauliza kama huyo naye si nafsi. Hadithi hii tuliihifadhi utotoni, tukaisomesha watoto wetu, na siku ilipotufikia mlangoni hatukuikumbuka. Wote ishirini na wawili tukasimama pamoja na Bibi. Hatukuwaswalia, kwani kila umma na ada yake na dini yake. Tuliwasimamia tu. Mama wa makumbusho, ambaye hakujua sababu, naye akasimama pamoja nasi.

Kutoka mjini mpaka ziwa la Toledo Bend si mbali. Ni ziwa lililotengenezwa na watu kwa kuufungia mto Sabine, refu, lenye visiki vya miti iliyozama vikichomoza majini. Humo nako wapiga mbizi walishuka mwaka 2003 kutafuta. Tulitandika mikeka ukingoni, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kisha tukafungua wali na samaki. Hapo ndipo Bibi alipozungumza, na ametupa ruhusa ya kuandika.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi ya Mfunguo Mosi, meli iliyotoka Unguja kwenda Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi. Ilikuwa imepakia watu na mizigo kupita kiasi chake. Kuna abiria walioiona bandarini imelemewa wakakataa kuipanda. Wengine walisema, hawakusikilizwa. Wavuvi wa Nungwi waliingia baharini na mashua zao wakaokoa waliowawahi, na watu wa vijiji vya pwani waliwapokea walionusurika na kuwazika waliofikishwa mchangani. Lakini wengi hawakuonekana tena, na mmoja wao alikuwa mwana wa Bibi.

"Nilikaa matanga bila ya maiti," alituambia. "Hitima ikasomwa, watu wakaondoka. Kila simu ikilia miaka miwili mizima nilidhani ni yeye. Wanangu, mtu ambaye hukumuosha wala hukumwona anafunikwa udongo, moyo haukubali kumwacha aende. Ndiyo maana niliuliza wale walipatikana ama hawakupatikana. Sikuuliza kwa ajili ya dunia. Nilikuwa namuuliza mama yao."

Akaendelea: "Nami nilikuwa sijui kama kuna aliyemtafuta wangu. Leo nimewaona hawa walioingia kwenye miiba kwa ajili ya watu wasiowajua, nikawakumbuka wavuvi wa Nungwi. Nao hawakumjua mwanangu. Waliingia baharini usiku. Sijawahi kuwaombea. Nilikuwa najililia mwenyewe tu."

Tukainua mikono. Tukamsomea Fatiha mwanawe na wote waliozama usiku ule, tukamwomba Mwenyezi Mungu awahesabu miongoni mwa mashahidi, kama tulivyofundishwa kwamba aliyekufa maji ni shahidi. Bibi akawaombea wavuvi. Kisha akawaombea subira jamaa za wale saba popote walipo, na kheri watu wa Hemphill. Watoto waliitikia amin zote kwa sauti moja.

Wasomaji watukufu, tumerudi na mawili.

La kwanza ni kwamba kumsitiri maiti kwetu ni fardhi kifaya: wakitenda baadhi, wengine wamesalimika, asipotenda hata mmoja, dhambi ni ya wote. Tumekaa ughaibuni tukidhani wajibu huo unawahusu jamaa zetu tu, na hata kwao tunategemea wazee wawili watatu wanaojua kuosha na kukafini. Tukiwapoteza hao, nani atatuosha? Kuanzia mwezi ujao, Inshallah, kutakuwa na darasa la mambo ya maiti kwa wanaume na kwa wanawake, kila Jumapili ya kwanza baada ya Adhuhuri. Vijana wa kuanzia miaka kumi na mitano waje. Bibi atakuwapo upande wa akina mama, naye amesema hataki visingizio vya mpira.

La pili ni la ulimi. Unapomfikia msiba wa mtu asiyekuwa wako, hata akiwa ni mtu ambaye taifa lake lina vita na ndugu zako, kumbuka kwamba yuko mtu mahali fulani anauliza: amepatikana? Watu wa mji mmoja mdogo msituni walilijibu swali hilo kwa miguu yao. Sisi, kama hatukuweza kutafuta, tungeweza angalau kusimama.

Tuliingia Houston usiku, watoto wamelala wote. Tulipomfikisha Bibi mlangoni kwake alituuliza kama kuna mtu aendaye Unguja mwaka huu. Tukamwambia wapo. Akatoa bahasha kutoka ndani ya mkoba wake, akasema ipelekwe Nungwi, ikanunue nyuzi za nyavu, wapewe wavuvi wowote watakaokutwa pwani.

"Msiulize majina," akasema. "Wao hawakuuliza."

Wabillahi tawfiq.